Hirizi za Mwalimu Upendo

Juzi mwanangu wa darasa la sita alinifunulia daftari lake la Kiingereza mezani, penye sahani ya muhogo, akaniuliza kwa nini neno likiishia na herufi e, ile e inakatwa kabla ya neno kuongezwa mkia. Mwalimu wake alikuwa ameikata kwa kalamu nyekundu, safu nzima, moja chini ya nyingine. Nikalifunga daftari kwa kiganja. "Kula kwanza," nikamwambia, na sauti ikanitoka kali kuliko nilivyokusudia. Mtoto akanishangaa. Hakukosa kitu, maskini. Ni mimi tu, mtu mzima mwenye duka langu la vitambaa Kilindoni, ambaye mpaka leo nikiona herufi nyekundu zimepangwa safu nazifunika.

Wenzangu mtasema nimezidi. Nimezidi kweli. Mimi ni mtu wa dhana tangu utoto. Nikipewa chai nyumba ya watu nangojea mwenyewe apige funda la kwanza. Lakini ipo siku dhana yangu iliwaumiza watu ambao hawakunifanyia lolote ila wema. Karatasi zenye herufi kama zile ndizo zilizompatia mama yangu kazi, na ndizo zilizomtoa bibi yangu katika nyumba yake mwenyewe. Aliyezigusa ni mimi.

Tulikaa Baleni, watu watatu, katika nyumba ya bibi mzaa baba, Bi Kidawa. Baba alikuwa amekwenda Dar es Salaam kutafuta, na kupata alipata, ila alichopata ni mke mwingine, akatuma talaka kwa watu wa boti. Mama angerudi kwao Jibondo na hakuna ambaye angemlaumu. Bibi akamkatalia. "Aliyekuacha ni mwanangu, Mwanahawa. Mimi sijakuacha." Basi wakakaa mtu na mkwewe kama mtu na binti yake, huyu anakuna nazi, huyu anachambua mchele, na mimi katikati yao, bibi akiniita mke mwenzangu na kunisema kwamba nakula zamu yangu na zamu yake.

Mama alishona makuti ya kuezekea. Alikaa juu ya jamvi uani tangu asubuhi, miguu kainyoosha, akikunja majani juu ya ufito na kuyashona moja baada ya jingine, na harufu ya kuti bichi ilikuwa imeingia mpaka kwenye nywele zake. Vidole vyake vilichanika hata akawa hawezi kukamua ndimu. Makuti hayo yalikwenda Utende, kwenye mahoteli ya wageni kando ya Ghuba ya Chole, na siku moja alitoka kuyapeleka huko, akarudi na habari.

"Mama," akamwambia bibi, "kule hotelini wanatafuta mtu wa mapokezi. Wanawake pia wanachukuliwa."

"Mapokezi ya nini?"

"Kuwapokea wageni. Kuandika kwenye kitabu nani kafika, nani kaondoka."

Bibi akaweka ungo chini. "Mke wa mwanangu akasimame awapokee watu waliokuja na chupi?"

"Si chupi, mama, ni nguo za kuogelea."

"Tofauti yake ipi?"

Mama alicheka, mimi nikacheka, bibi hakucheka. Alisema usiache mbachao kwa msala upitao, akaurudia mchele wake, na neno la hoteli halikusikika tena ndani ya nyumba ile. Mimi nikadhani limekwisha.

Halikwisha, na nyinyi nawaambia sasa ili msihangaike kama nilivyohangaika mimi. Mama alikwenda kwa siri akaandikisha jina. Akaambiwa atafanya mtihani wa kuandika kwa Kiingereza, Jumamosi fulani, na yeye aliishia darasa la saba na Kiingereza chake kilikuwa cha "gudi moningi" tu. Kwa hiyo akamwendea mtu wa pekee aliyeweza kumsaidia bila ya kijiji kizima kujua, naye ni mpangaji wetu.

Mpangaji huyo, Mwalimu Upendo, alikuwa msichana wa bara aliyeletwa kufundisha shule yetu. Bibi alimpangisha chumba cha uani. Alikuwa mpole, anaamkia vizuri, shikamoo yake anaitoa huku akikunja goti, lakini kwangu mimi upole wake ndio ulionitia wasiwasi zaidi. Mtu gani hagombi hata na kuku? Alisuka nywele zake mwenyewe mlangoni, na kila unywele uliokatika aliuokota, akauviringisha, akauchoma kwa kiberiti. Nikajiuliza anaogopa nini, kama si kwamba anajua unywele wa mtu unaweza kufanywa nini. Jioni alifunga mlango akaimba nyimbo za kwao kwa sauti ya chini. Akinipa biskuti nazipokea kwa mikono miwili, "ahsante mwalimu," halafu nakwenda kuwapa kuku na kungoja waanguke. Hawakuanguka. Nikasema, basi dawa yake si ya kuku.

Karatasi ya kwanza niliipata juu ya fremu ya mlango wa jikoni. Nilikuwa nimepanda juu ya kinu natafuta kiberiti, vidole vikagusa kitu kimekunjwa mara nne, kidogo, kigumu. Kila mtoto wa madrasa kwetu anajua kitu kilichokunjwa hivyo, kikawekwa juu ya mlango, kinaitwa nini. Nikashuka nacho kiganjani. Nikakifunua nyuma ya banda la kuku.

Toba! Karatasi ilikuwa ya daftari la hesabu, yenye miraba, na katika kila mraba herufi moja. Sisi tulizoea kuona miraba ya namna hiyo kwenye hirizi za watu, tofauti ni kwamba hizi zilikuwa herufi za kizungu. Baadhi ziliandikwa mara mbili mbili, ya pili kwa wino mwekundu: p na p, t na t, n na n. Mahali pengine y ilifutwa, ikawekwa i. Na e, kila ilipokuwa mwisho, ilikatwa kwa mstari mwekundu, na nyuma yake zikapachikwa herufi zile zile tatu, safu nzima mpaka chini. Na mimi jina langu ni Esha.

Mwandiko niliujua, ni ule ule wa ubaoni. Kuanzia siku hiyo sikuwa na kazi nyingine ila kutafuta. Ya pili ilikuwa chini ya jamvi, pale pale mama anapokaa kushona. Ya tatu ndani ya foronya ya mto wake. Nyingine chini ya kopo la chumvi, nyingine imechomekwa kwenye ukuta wa makuti wa bafu la uani. Na siku mama alipokwenda kuoga akaiacha kanga yake kitandani, nikafungua fundo la pindo, ikaniangukia moja mapajani. Bibi alikuwa na msemo wake kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimekishika mkononi.

Sasa nikaanza kumwangalia mama, na kila nilichokiona kilinitisha. Alikuwa anashona makuti huku midomo inakwenda na sauti haitoki. Anainua pembe ya jamvi, anachungulia, anaifunika, anafumba macho, midomo inaanza upya. Akiingia jikoni anapeleka mkono juu ya mlango. Ukimwita haitiki mpaka mara ya tatu. Na alasiri, bibi akishakwenda shambani kuangalia minazi yake, mama anajifunika kanga, anatazama huku na huku, anaingia chumba cha mwalimu, mlango unafungwa. Anatoka kabla bibi hajarudi, pindo la kanga limefungwa upya.

"Mama, unafanya nini mle?"

"Namsaidia mwalimu kukunja nguo."

Uongo. Mwalimu alikuwa na magauni matatu tu. Mama yangu hakuwahi kunidanganya kabla ya hapo, na nililia kwa uchungu nyuma ya lile banda la kuku kwa sababu niliona yule mwanamke ameshamchukua nusu. Nilijua kitakachofuata. Baba alikwenda vivyo hivyo: alianza kuwa kimya, akaanza kuficha vitu, siku moja hayupo. Sasa mama anaondolewa, na mimi nakatwa kwa wino mwekundu mstari baada ya mstari. Nilikuwa na miaka tisa. Sikuona maelezo mengine.

Ningemwambia bibi wazi, lakini niliogopa angemfukuza mwalimu, na mwalimu kwa hasira angemaliza kazi yake kwa mama. Nikamwendea kwa kuzunguka, yeye akichambua mchele.

"Bibi, mtu akiokota hirizi ya ubaya, anaifanyaje?"

"Nani kaokota?"

"Hakuna. Tumeulizana tu chuoni."

"Chuoni siku hizi mnasoma au mnapiga soga?" Akarusha pumba hewani. "Haichomwi, maana moshi wake utakuvaa. Wala haichanwi. Inatiwa maji mpaka maandishi yote yatoke, unaisomea Ayatul Kursiyu, na maji unayamwaga pasipokanyagwa na mtu. Na ukiiona, mke mwenzangu, usiiguse. Niite mimi."

Lile la mwisho sikulifuata.

Alhamisi mama alikwenda kukata fito, bibi yuko shambani, mwalimu yuko shule. Nilipita kila mahali nilipopajua. Hata ya kwenye foronya niliitoa. Nikazitia zote katika bakuli la bati, nikamimina maji, nikaanza kusoma huku nazifikicha kwa vidole. Wino mwekundu ukatoka kama damu ya samaki. Nilisoma mara saba, na kila nilipofika mwisho nilipuliza kwenye maji. Karatasi zikawa rojo. Nikaenda nazo mpaka kwenye mkorosho wa mpakani, nikamwaga, nikafukia. Wallahi sijawahi kujisikia mwepesi kama nilivyorudi siku ile. Niliimba njia nzima, nikijiona nimemkomboa mama yangu peke yangu.

Mama alirudi, akatua fito, akapeleka mkono juu ya mlango wa jikoni. Akapapasa tena. Akainua jamvi. Akaingia ndani, nikamsikia anakung'uta mto, na alipotoka uso ulikuwa mwingine kabisa. Mtihani ulikuwa keshokutwa. Bibi alikuwa ndiyo kwanza amefika, ana kuni kichwani.

"Mama, karatasi zangu ziko wapi?"

"Karatasi gani, mwanangu?"

"Usinifanye mtoto. Karatasi zangu za Kiingereza. Mlangoni hazipo, kwenye foronya hazipo, bafuni hazipo. Nilijua ukizijua tu utaziondoa."

Bibi akatua kuni taratibu. "Kiingereza cha nini?"

"Cha hoteli! Si hutaki niende? Si unataka nioze hapa na makuti mpaka vidole viishe? Mwanao kanitupa, na wewe unanifungia mlango!"

"Wallahi, Mwanahawa, sijaona karatasi na wala..." Bibi akakatisha. Alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa nimesimama penye mtungi, na mikono yangu miwili, tangu kucha mpaka kwenye vifundo, ilikuwa myekundu. Nilikuwa sijaiona mwenyewe. Nikaificha nyuma, lakini bibi alikwishaiona, na nikauona uso wake ukihesabu: swali langu juu ya hirizi, jibu lake, bakuli la bati lililolala mlangoni.

Mama alikuwa amenipa mgongo, anaikaza kanga kiunoni. Nilimjua mama akiwa vile. Ile siku talaka ilipofika alinichapa kwa kosa la kumwaga uji hadi bibi akaja kulala juu yangu kunikinga.

"Haya," bibi akasema. "Ni mimi. Nimezitia maji."

Mama akashika kichwa. Kisha akasema maneno ambayo sitayaandika yote. Alisema amekaa miaka mitatu akila sahani moja na mchawi. Neno hilo, kwetu, halirudi likishatoka. Bibi aliingia ndani akafunga kanga zake mbili na msala ndani ya shuka. Nilimfuata chumbani nikimvuta nguo.

"Bibi, nitamwambia."

"Nyamaza. Nenda kanawe kwa ndimu na majivu kabla hajakuona." Akanishika kidevu. "Mimi ninaye binti yangu Zuhura kule Kirongwe, nina pa kwenda. Wewe una pa kwenda?"

Akatoka. Mama alikuwa jikoni, hakutoka kumuaga.

Kesho yake, kwa kuwa hakuna wa kufichwa tena, Mwalimu Upendo aliandika kila kitu upya, mchana kweupe, kwa mkaa juu ya ukuta wetu wa chokaa. Nilikaa pembeni nikasikia kwa masikio yangu. Neno make ukitaka kusema kitendo kinaendelea, e inaondoka inaingia ing, ndiyo making. Stop inaongeza p kwanza, ndipo inakuwa stopped. Carry inaacha y na kuchukua i. "Vishikizo tu, dada," akamwambia mama. "Neno linafunguliwa kishikizo kimoja, linafungwa kingine. Wageni wamefika, mizigo imebebwa, boti imesimama, basi, hayo ndiyo watakayokuuliza." Mama anarudia, safari hii sauti inatoka. Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Nilitapika uani, mwalimu akaniletea maji ya sukari, nami nikayanywa yote bila kuwapa kuku.

Mama alifaulu. Alikaa mapokezi Utende miaka mingi, akapona vidole, akanisomesha, akanisaidia mtaji wa hili duka. Bibi hakurudi. Mara ya kwanza nilijiambia nitasema mama akishazoea kazi. Halafu nikishamaliza darasa la saba. Halafu nikishaolewa. Kila Idi tulikwenda Kirongwe kumwamkia. Bibi alimpokea mama vizuri, "karibu mwanangu," akapakua wali, na mama, kwa adabu zote, alisema ameshiba. Nilimwona bibi anaitazama ile sahani ikirudi jikoni vile vile ilivyokwenda. Hakusema neno, si kwangu, si kwa mama, si mbele ya watu. Akinipata peke yangu aliniuliza tu habari za masomo.

Amefariki mwaka huu. Tulikaa matanga kwa Shangazi Zuhura, na siku ya khitima wanawake walipokuwa wakiombeana radhi, mama yangu alisimama katikati ya ukumbi, analia kwa dhati kabisa, akasema: "Mama mkwe wangu alinitendea wema mwingi. Alinikosea mara moja tu, wanaojua wanajua. Mbele yenu nyote nimemsamehe, na Mungu naye amsamehe." Wakaitikia amin. Na mimi nikaitikia amin.

Nilivumilia mpaka tulipofika barabarani, tukingoja gari. Nikamwambia yote, tangu kinu mpaka mkorosho. Mama hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Na yeye alijua ni wewe?"

"Alijua. Aliniona mikono."

Alikaa juu ya jiwe la kando ya barabara, mtoto wa watu akapita akatuamkia, hakumjibu. Kisha akainuka, akakaza mtandio.

"Nimemsamehe mbele za watu, Esha. Nimesimama nikamsamehe. Turudi."

Tulikuta wanawake wale wale, wanaosha masinia. Mama akasema msamaha alioutoa asubuhi anaurudisha, marehemu hakuwa na kosa, mwenye kosa ni yeye aliyemwita mchawi. Nami nikasema kosa ni langu, nikaeleza. Shangazi Zuhura alikuwa amechuchumaa anasugua sufuria la pilau. Hakuinua macho wala hakuacha kusugua.

"Haya," akasema. "Na sasa mnamwambia nani?"